Amplifaya ya taarab, amplifaya ya singeli: ipo?

Mteja akiingia kibandani kwangu Darajani, Unguja, kabla hata hajauliza bei: "Fundi, hii yafaa taarab au ni ya singeli?" Wauzaji wana majibu tayari: hii tamu, ile kali, ile ya disko. Jibu langu huwaudhi watu. Amplifaya haijui inapiga nini.

Kazi yake ni kupokea umeme mdogo kutoka kwenye simu au miksa na kuukuza bila kuuharibu umbo. Sikio letu husikia kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 20,000, na amplifaya yoyote ya maana hupitisha zote hizo bila upendeleo. Uzi mnene wa besi kubwa ya taarab, ukikazwa kwa kawaida, hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Kiki ya singeli, ile ngoma nzito ya chini, haiko mbali na hapo. Kwa mashine, zote ni volti zinazopanda na kushuka.

Tofauti ipo, ila iko kwenye vilele vya sauti. Sikiliza okestra ya mtindo wa Ikhwani Safaa, klabu ya taarab ya Zanzibar ya tangu 1905, fidla zinyamaze na ganuni, ala ya nyuzi nyingi za kudonolewa, ibaki peke yake. Kila uzi ukidonolewa, sauti huchoma ghafla na kuanza kufifia papo hapo. Mchomo ule unaweza kupita wastani kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15, yaani nguvu mara 32 hivi. Kama spika zako zinakula wati 5 kwa wastani, mchomo mmoja unadai wati 160. Amplifaya ya wati 50 haina hizo. Inakata kilele, na ganuni inatoka na mkwaruzo kama kijiko kwenye sufuria. Mwenye nyumba analaumu rekodi!

Singeli imeshabanwa studio. Vilele vyake vikiwa desibeli 6 tu juu ya wastani, wati 20 zinatosha kwa wastani ule ule. Kwa hiyo muziki wa wazee wetu, ule unaoitwa mpole, ndio unaotaka akiba kubwa zaidi.

Singeli nayo ina ubaya wake: haiipi mashine nafasi ya kupumua. Harusi ya usiku kucha, joto la kaskazi, feni imejaa vumbi, hapo klasi AB, muundo wa kawaida wa amplifaya, huungua kwa sababu sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto. Klasi D, muundo unaowasha na kuzima umeme kwa kasi, hupoteza kidogo sana, na jenereta ndogo ya shamba inaimudu. Sababu ya kuichagua ni hiyo, wala si utamu wa sauti. Angalia pia omu, kipimo cha ukinzani wa spika: spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, na si kila amplifaya inastahimili mzigo huo. Utamu wenyewe uko kwenye spika na chumba, pesa iende huko.

Amplifaya ya gitaa ni habari nyingine kabisa. Fender na Marshall za valvu ni sehemu ya ala, zimetengenezwa zikolezwe mpaka zikorome, na mkoromo wenyewe ndio sauti inayotafutwa. Mpiga gitaa akiniletea ya kwake niiondolee mkwaruzo, kwanza namuuliza kama ameshawahi kushusha kitasa cha sauti cha gitaa lake chini ya kumi, yaani mwisho wake.