Pamyutesheni na kombinesheni kwenye GRE na GMAT: kabla ya fomula, badilisha nafasi kwanza

Mtu anayejiandaa na GRE au GMAT, mitihani ya kuombea nafasi ya shahada ya uzamili, akifika kwenye maswali ya kuhesabu njia, yale ya "kuna njia ngapi za kupanga hivi" au "zinaweza kuundwa kamati ngapi", swali la kwanza analouliza huwa ni hili, natumia fomula ipi, ya P (pamyutesheni) au ya C (kombinesheni)? Mimi pia nilianzia hapo hapo. Nilikuwa nimeziandika zote mbili kwenye kikaratasi nikakibandika ukutani juu ya meza, nimezikariri vizuri tu, na bado nilikuwa nakosa, kwa sababu fomula haikwambii swali lililo mbele yako ni la aina gani, hiyo kazi ni yako wewe msomaji wa swali. Na ukishajua ni la aina gani, fomula yenyewe hata huihitaji sana.

Pamyutesheni ni kupanga. Kombinesheni ni kuchagua. Hayo ndo maelezo utakayoyakuta kila mahali na ni ya kweli, ila yanapotosha, maana swali linaweza kusema "kuchagua" na bado likawa la kupanga. Ukiambiwa chagua mwenyekiti na katibu kati ya watu watano, neno ni kuchagua lakini hesabu ni ya kupanga. Kwa hiyo achana na neno, fanya hivi: tengeneza jibu moja la mfano, moja tu, alafu chukua vitu viwili ndani yake uvibadilishane nafasi. Umepata kitu kipya? Basi mpangilio una maana, ni pamyutesheni. Umepata kitu kilekile? Ni kombinesheni. Yaani kipimo chote ni hicho.

Tuone kwa watu. Asha, Baraka, Chausiku, Daudi na Elia wana kikundi chao cha kusoma. Wanataka mwenyekiti na katibu. Jibu moja la mfano, Asha mwenyekiti, Baraka katibu. Badilisha, Baraka mwenyekiti, Asha katibu. Ni uongozi mwingine kabisa, muulize Baraka mwenyewe. Kwa hiyo mwenyekiti ana watu 5 wa kutoka, akishapatikana katibu anatoka kwa 4 waliobaki, 5 mara 4 ni 20. Sasa hao hao watano wanataka watu wawili waende sokoni kununua chakula. Asha na Baraka wanaenda. Badilisha, Baraka na Asha wanaenda. Ni safari ileile, kikapu kilekile. Ile 20 ya mwanzo imehesabu kila safari mara mbili, kwa hiyo igawe kwa 2, unapata 10. Kama huamini ziandike kwa herufi za mwanzo: AB, AC, AD, AE, BC, BD, BE, CD, CE, DE. Kumi, basi.

Hapa ndo penye kiini cha mambo yote na ningeomba mtu akae hapa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Kombinesheni siyo fomula ya pili ya kukariri, ni pamyutesheni iliyogawanywa kwa idadi ya marudio. Ukichagua wawili, kila kundi limehesabiwa mara 2. Ukichagua watatu, kila kundi limehesabiwa mara 6, kwa sababu watu watatu wanaweza kupangika kwa njia 3 mara 2 mara 1. Ukichagua wanne ni mara 24. Hizo 2, 6, 24 ndo zinaitwa faktoria, ile alama ya mshangao inayoandikwa baada ya namba ambayo inatisha watu bure, 4! ni 4 × 3 × 2 × 1 tu. Watu watano wakikaa siti ya nyuma ya Coaster, wa dirishani ana chaguo 5, anayefuata 4, kisha 3, 2, 1, jumla mipangilio 120, hiyo ndo 5!.

Wazo hilohilo la kugawa marudio ndo linalojibu yale maswali ya herufi. Chukua neno DALADALA, herufi 8. Zingekuwa zote tofauti tungekuwa na 8!, yaani 40,320. Lakini A ziko 4 na ukizibadilishana zenyewe kwa zenyewe hakuna anayeona tofauti, hivyo gawa kwa 24. D ziko 2, gawa kwa 2. L ziko 2, gawa kwa 2 tena. 40,320 gawa kwa 96 ni 420. Kama una wasiwasi jaribu kwa neno dogo, MAMA, 24 gawa kwa 4 ni 6: MAMA, MAAM, MMAA, AMAM, AMMA, AAMM. Nawashauri sana wenzangu wajaribu kwa namba ndogo hivi kabla ya kuamini, ile hali ya kuona orodha imeisha yote mbele ya macho yako na namba imekubali inakaa kichwani kuliko kikaratasi cha ukutani.

Na wazo hilohilo tena ndo linafanya kazi kwenye meza ya duara. Watu watano wamezunguka sinia la pilau. Wote wakisogea nafasi moja upande uleule, jirani wa kila mtu ni yuleyule, hakuna kilichobadilika, na kuna namna 5 za kuzunguka hivyo. Kwa hiyo 120 gawa kwa 5, unapata 24. Angalia tu kama swali limesema kinachojaliwa ni nani yuko karibu na nani, maana kama viti vina namba basi habari ya kugawa haipo.

Jambo dogo la kuokoa muda. Kuchagua watu 18 kati ya 20 ni sawasawa na kuchagua 2 wa kubaki nyumbani, kwa hiyo 20 mara 19 gawa kwa 2, 190, umemaliza. Usije ukaanza kuandika faktoria ya 20 kwenye mtihani. GRE ya sasa, tangu ilivyofupishwa Septemba 2023, ina maswali 27 ya hesabu kwa dakika 47, hata dakika mbili kwa swali hazifiki. Kalkuleta ya kwenye skrini ipo. GMAT ina maswali 21 ya hesabu kwa dakika 45 na sehemu hiyo ya hesabu haina kalkuleta kabisa, kalkuleta iko kwenye ile sehemu ya data tu. Mitihani yote miwili inajua kuwa huna muda, namba zake zimetengenezwa zikatike vizuri kwa mtu aliyeelewa.

Sasa uwezekano, au probabiliti kama wengi tunavyoizoea. Uwezekano ni kuhesabu mara mbili tu: hesabu njia zote, hesabu njia unazozitaka, gawa. Dadu mbili zikirushwa njia zote ni 36, zinazotoa jumla ya 7 ni 6, kwa hiyo 6 kwa 36, moja ya sita. Masharti ni kwamba kila njia iwe na nafasi sawa na nyingine, ndo maana huwezi kusema jumla ziko 11 kuanzia 2 mpaka 12 kwa hiyo 7 ina nafasi moja kati ya 11. Jumla ya 2 inakuja kwa njia moja tu, 1 na 1, wakati 7 ina sita.

Chukua trei lenye mayai 10, matatu yameoza na kwa nje yote yanafanana. Unachukua mawili bila kuangalia. Uwezekano wa yote mawili kuwa mazima ni ngapi? Njia ya kwanza, yai la kwanza zima ni 7 kwa 10, la pili sasa ni 6 kwa 9 kwa sababu moja zima limeshatoka na trei limebaki na tisa, zidisha, 42 kwa 90, unapata 7 kwa 15. Njia ya pili, kwa kuchagua, mawili kati ya saba mazima ni 21, mawili kati ya kumi ni 45, 21 kwa 45, tena 7 kwa 15. Jibu moja kwa njia mbili. Ningerudisha yai la kwanza kwenye trei kabla ya kuchukua la pili ingekuwa 7 kwa 10 mara mbili, yaani 49 kwa 100, swali jingine hilo. Kwa hiyo soma kama kitu kimerudishwa au hakijarudishwa, watu wanakosa hapo wakati hesabu wanaijua.

"Na" unazidisha, "au" unajumlisha, ila "au" ina mtego, kama mambo mawili yanaweza kutokea pamoja lazima utoe yale yaliyohesabiwa mara mbili. Namba moja kati ya 1 mpaka 20 igawanyike kwa 2 au kwa 5: za mbili ziko 10, za tano ziko 4, lakini 10 na 20 ziko kote kote, kwa hiyo 12, siyo 14. 12 kwa 20, tatu ya tano.

Halafu kuna neno "angalau". Ukiliona kwenye swali simama kwanza, maana karibu kila mara njia rahisi ni kuhesabu usichokitaka na kukitoa kwenye vyote. Mfano namba ya siri ya simu, tarakimu nne. Kuna uwezekano gani kwamba namba ya siri iliyotoka kwa bahati tu ina tarakimu angalau moja inayojirudia? Ukianza kuhesabu moja kwa moja utachoka, kuna za kurudia mara mbili, mara tatu, mara nne, kuna jozi mbili kama 7733. Geuza swali. Zote ni 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10,000. Zisizo na marudio kabisa ni 10 × 9 × 8 × 7, yaani 5,040. Zilizobaki 4,960 zina marudio. Asilimia 49.6, karibu nusu! Mara ya kwanza nilipoipata nilirudia hesabu nikidhani nimekosea.

Swali lililonifundisha zaidi hata hivyo lilikuwa la kamati, usiku mmoja kwenye mazoezi. Wanawake 4, wanaume 3, chagua kamati ya watu 3 yenye mwanaume angalau mmoja. Nikafikiri kwa haraka, nichague kwanza mwanaume mmoja ili nitimize sharti, njia 3, alafu nijaze nafasi mbili kwa yeyote kati ya 6 waliobaki, njia 15, 3 mara 15 ni 45. Na 45 ilikuwepo kwenye machaguo, nikaiweka. Nikakosa. Nikakaa nayo karibu nusu saa sielewi kosa liko wapi, maana kila hatua ilikuwa inaonekana sawa, mpaka nikahesabu kamati zote bila sharti lolote, 7 × 6 × 5 gawa kwa 6, ni 35. Kamati zenye sharti zinazidi kamati zote zilizopo? Haiwezekani. Ndipo nikatengeneza jibu moja la mfano, Juma, Salim na Asha. Nimelipata mara ya kwanza nilipoanza na Juma nikajazia Salim na Asha, nikalipata tena nilipoanza na Salim nikajazia Juma na Asha. Kamati ileile, watu walewale, imehesabiwa mara mbili, na kamati ya wanaume watupu imehesabiwa mara tatu. Njia sahihi ni kutoa, kamati za wanawake watupu ni 4, 35 toa 4 ni 31. Na ukitaka uhakika zitenganishe, mwanaume mmoja na wanawake wawili ni 3 mara 6, 18, wanaume wawili na mwanamke mmoja ni 3 mara 4, 12, wanaume watatu ni 1. 18 na 12 na 1, zinatoka 31.