Je, wajua? Shida iliyopata mikono michache yaweza kuwa ndiyo ya kwanza

Kwa miaka mingi niliamini kwamba njia ya haki ya kujua mtaa maskini unahitaji nini kwanza ni kuwakusanya wakaaji, kutaja shida moja moja na kuhesabu mikono: yenye mikono mingi itangulie, yenye michache ingoje. Hesabu hiyo haina kosa. Kosa limo katika swali. Anayenyoosha mkono mara moja hutuambia anachokitaka kupita vyote, wala hatuambii neno kuhusu vile vinavyobaki, na mara nyingi ni katika hivyo vinavyobaki ndimo watu hukubaliana.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wakaaji 30 wa avenyu moja ya Kyeshero, hapa Goma. Wakaaji 12 wanataka barabara, 10 wanataka maji, 8 wanataka vyoo. Kwa mikono, vyoo vimeshika mkia. Sasa tuzishindanishe shida hizo mbili mbili, kama timu za ligi ambazo kila moja lazima ikutane na kila nyingine. Picha mbili zinawekwa chini, ya choo na ya bomba, na kila mtu anaweka punje moja ya haragwe. Wale 12 wa barabara wanakaa karibu na bomba la umma, basi punje zao zinaenda kwenye choo: 20 kwa 10. Picha ya bomba inaondolewa, inakuja ya barabara. Mama aliyetua bidoni yake ya lita 20 anaitazama kidogo, kisha anaweka punje yake kwenye choo, kwa kuwa kipindupindu anakiogopa kuliko matope. Wenzake wote wa maji wanafanya vivyo hivyo: 18 kwa 12. Shida iliyokuwa ya mwisho imezishinda zote mbili, na hakuna hata mtu mmoja aliyebadili mawazo yake. Kila nikiirudia hesabu hii, inanishangaza upya.

Njia hii nayo ina mipaka. Condorcet, mwanahisabati wa Ufaransa, alionyesha mwaka 1785 kwamba inawezekana barabara ivishinde vyoo, vyoo viyashinde maji, na maji yaishinde barabara. Hapo punje hazina jibu tena, na watu hawana budi kuzungumza. Tena, punje huhesabu waliopo tu: mkutano wa asubuhi huwakosa wanaoteka maji saa hiyohiyo, nao ndio ambao sauti yao ingefaa kusikika zaidi.

Wala punje haisemi gharama. Sehemu kubwa za Goma zimejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, ambako shimo la choo huchimbwa kwa mtaimbo na kwa siku nyingi. Kwa hiyo, bei ikishajulikana, picha za choo na barabara hurudishwa chini, na kila mtu hupewa punje yake tena.