Kabla hujaweka shamba la familia rehani ili ujenge nyumba za kupangisha

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri huja dalali akiwa ameshabandika tangazo la mnada kwenye geti. Huwa tunatamani wangekuja miezi sita mapema, wangali na nafasi ya kujitetea.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 10 za Kenya wa miaka 10, wa kujenga bedsita 20 za kodi ya 9,000 kila moja. Zikijaa, unakusanya 180,000 kwa mwezi. Riba ikiwa asilimia 13, benki inachukua karibu 149,300. Ushuru wa kodi za makazi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, ni 13,500. Unabaki na kama 17,000 za mtunzaji, maji na ukarabati. Ushuru huo hukatwa kwenye mapato yote kabla ya gharama. Riba unayolipa benki haipunguzi chochote. Sasa vyumba viwili vikikaa wazi mwezi mmoja, 17,000 hiyo imekwisha.

Riba nayo haitulii. Kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Kenya, kinachosukuma riba za mikopo ya benki, kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, kikapanda hadi 13 Februari 2024, ndipo kikaanza kushuka Agosti mwaka huo. Mkopo ule ule ukifika asilimia 17, malipo ni karibu 173,800. Hapo hata vyumba vikijaa vyote, unatoa mfukoni zaidi ya 7,000 kila mwezi. Fanya hesabu hii kabla ya kutia sahihi.

Jambo linalotuumiza zaidi ni dhamana. Mtu husajili kampuni akiamini kwamba nyumba ikishindwa, mali yake nyingine iko salama. Halafu benki inamletea karatasi ya dhamana binafsi, yaani ahadi ya kulipa deni la kampuni yeye mwenyewe, pamoja na makaratasi mengine, naye anatia sahihi zote kwa mkupuo. Kwa deni hilo, ile kinga ya kampuni imeondoka. Soma pia kama rehani ya ploti moja inadhamini madeni yako yote ya benki hiyo, ya sasa na yajayo. Kama inayowekwa rehani ni nyumba mnayoishi na mwenzi wako wa ndoa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka ridhaa yake. Mketishe, mwonyeshe hesabu. Asipewe kalamu tu.

Ukishindwa kulipa, sheria inakupa siku, na ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ukikaa na deni mwezi mmoja, benki inaweza kukuandikia notisi ikitaja kiasi unachodaiwa, nayo lazima ikupe muda usiopungua miezi mitatu. Usipolipa, inafuata notisi ya kuuza, ya siku zisizopungua 40. Kisha dalali hutoa yake, ya siku 45. Kabla ya kuuza, benki inapaswa kuifanyia mali tathmini, na ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, una hoja ya kupeleka kortini.

Lakini siku hizo zinamfaa anayefungua barua. Hakikisha anwani iliyo kwenye mkataba ni unayoitumia bado. Notisi ya kwanza ikifika, nenda benki wiki hiyo hiyo, omba muda uongezwe au malipo yapangwe upya, na makubaliano yaandikwe. Ukiona hesabu haifungi kabisa, omba uuze mwenyewe. Mnunuzi uliyemtafuta kwa utulivu kwa kawaida hutoa bei nzuri kuliko ya mnadani, na pesa za mnada zisipotosha kufuta deni, salio bado ni lako.

Na tafadhali, shinikizo la benki lisikufanye umfungie mpangaji mlango kwa kufuli au kuezua mabati. Utakuwa umeongeza kesi juu ya deni.