Je, wajua kwa nini lori jipya la dizeli linapanda mlima bila kutoa moshi mweusi?

Ukisimama pale Nyang'oro, barabara ya Dodoma kwenda Iringa, utaona malori mawili yamebeba mzigo unaolingana yanapanda mlima ule ule. Moja linaacha wingu jeusi mpaka bodaboda wa nyuma anapunguza mwendo asubiri lipungue, jingine linapita hamna kitu, unasikia mlio tu. Na hapo hapo atatokea mtu aseme lile la moshi ndo lina injini ya ukweli, lile lingine limebanwa pumzi. Ukienda kijiwe chochote cha madereva utaisikia hiyo, na wanaosema ni watu wenye uzoefu wa barabara, siyo wa kuwapuuza.

Ila hapo wamekosea. Moshi mweusi ni mafuta uliyoyalipia kituoni yakatoka nyuma kabla hayajamaliza kazi.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye injini yake ilifanyiwa majaribio rasmi Augsburg mwaka 1897, alitaka hewa ibanwe mpaka iwe ya moto yenyewe. Kwenye injini za leo hewa inabanwa mpaka nafasi inakuwa ndogo mara 14 hadi 20 na ushee, inapita nyuzi 500, afu mafuta yanapulizwa ndani na kuwaka papo hapo. Shida inaanzia kwenye huo muda mfupi wa mwisho. Mafuta yameingia kama matone, nje ya tone kuna hewa, katikati ya tone hamna hewa, na joto ni lile lile. Kwahiyo katikati hapawaki bali panaokwa, hidrojeni inaondoka, kaboni inabaki, inashikana vipunje vipunje. Hayo ndo masizi, na yakiwa mengi ndo wingu unaloliona.

Sasa hiyo imani ya moshi na nguvu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kitu cha kweli kabisa. Chukua Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, hizi zinazokwenda vijijini Chamwino, Kondoa na Mpwapwa miaka nenda rudi, hazina tabo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini, wala kompyuta ya kupima mafuta. Fundi akizungusha skrubu kwenye pampu mafuta yanaongezeka, gari linavuta zaidi kidogo, na moshi unaongezeka saa hiyo hiyo, dereva anaona vitu viwili vimekuja pamoja anaviunganisha. Lakini nguvu imetoka kwenye yale mafuta ya nyongeza yaliyopata hewa yakaungua. Yaliyokosa hewa ndo yametoka meusi. Ukiendelea kuzungusha, nguvu inagota na moshi unazidi, pistoni zinapata joto kuliko zilivyotengenezewa, na safari ya Singida inaanza kula lita ambazo haikuwa inakula.

Dodoma penyewe panachangia. Mji uko juu ya usawa wa bahari kama mita 1,100, hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar karibu moja ya kumi, kwahiyo injini isiyo na tabo iliyopimiwa mafuta yake pwani ikifika huku inapewa mafuta yale yale kwa hewa pungufu. Unakuta gari halina ubovu wowote linatoa moshi zaidi, na mwenyewe anafurahi anadhani limepata nguvu ya bara.

Kuna na watu wanaosema dizeli ya siku hizi imesafishwa ndo mana moshi umepungua. Hiyo ina nusu ya ukweli. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha salfa kwenye dizeli mpaka sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, Ulaya wao wako kwenye 10 tangu 2009, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mimina dizeli hiyo hiyo safi kwenye Fuso ya zamani yenye nozeli zilizochoka, bado itatoa wingu. Faida kubwa ya kupunguza salfa ni kwamba inaruhusu vifaa vilivyofungwa kwenye ekzosi vifanye kazi bila kusumbuliwa, kwa sababu salfa ndo adui wao mkubwa.

Kabla ya kufika kwenye ekzosi, nusu ya usafi imeshafanyika ndani ya silinda. Pampu za zamani zilisukuma mafuta kwa presha ya baa mia kadhaa. Mfumo wa komonireli, ulioanza kwenye malori ya Japani mwaka 1995 na kwenye gari dogo Alfa Romeo 156 mwaka 1997, unaweka mafuta kwenye bomba moja nene kwa presha ambayo leo inapita baa 2,000, na kompyuta ndo inaamua kila nozeli ifunguke lini. Matone yanakuwa ukungu, hewa inafika mpaka katikati, na mafuta yanaingizwa kwa awamu, tone dogo la kutangulia halafu mzigo wenyewe, ndo mana dizeli mpya haigongi asubuhi. Unabaki na ile faida ya siku zote ya dizeli, kwamba kwa kazi ile ile inakula lita pungufu kuliko petroli, asilimia 20 mpaka 30 hivi, ila bila lile wingu.

Masizi machache yanayobaki yanakutana na filta, na hapa ndo penye utamu wenyewe.

Kwenye magari madogo, Peugeot 607 ilianza kuuzwa ikiwa na filta ya masizi mwaka 2000. Ila kwa sisi tunaonunua magari yaliyotumika, habari kubwa ilitokea Tokyo. Gavana wa huko, Shintaro Ishihara, alijitokeza mbele ya waandishi na chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli, akaitikisa waone kinachoingia mapafuni mwa watu wa mji wake, na kuanzia Oktoba 2003 malori ya dizeli yasiyofikia kiwango yakapigwa marufuku Tokyo na mikoa jirani. Ndo mana Canter na Dyna nyingi zilizotoka Japani miaka ya baadaye zinashuka bandarini zikiwa na filta chini yake, na mwenye gari huku wala hajui kama anayo.

Ndani ni kipande cha kauri chenye vijia vyembamba mamia kwa mamia. Kila kijia kimezibwa upande mmoja, jirani yake kimezibwa upande mwingine, kwahiyo moshi ukiingia hauna pa kutokea isipokuwa kupenya ukuta. Na ajabu yake hii hapa: vitundu vya ukuta ni vikubwa kuliko masizi yenyewe, tena vikubwa sana. Ukikifikiria kama chujio la kawaida utasema kila kitu kitapita. Hakipiti, sababu vipunje vya masizi ni vidogo mno mpaka gesi inavisukuma huku na huku, havitembei mstari ulionyooka, vinagonga ukuta na kunasa. Vikishanasa vya kutosha vinajenga utando, na huo utando sasa ndo unachuja vizuri kuliko ukuta wenyewe. Yani filta yenye masizi kidogo inachuja vizuri kuliko filta mpya kabisa.

Lakini utando ukizidi gari kweli linabanwa pumzi. Hapo watu wengi wanadhani filta imejaa na kazi yake imeisha, itupwe. Sivyo ilivyotengenezwa.

Chukua sufuria iliyopikiwa kuni muda mrefu, kitako cheusi tii. Moto wa kawaida wa kuni, wenye moshi moshi, unazidi kukipaka masizi. Lakini siku makaa yamekolea sawasawa utaona vicheche vyekundu vinatambaa kitakoni, vinasogea polepole, vinazima, na pale vilipopita panabaki kijivu. Masizi ni kaboni, ni mkaa tu, yakipata joto na hewa yanaungua yanakuwa gesi. Filta inaishi hivyo hivyo. Gari likizunguka mjini, Majengo, Sabasaba, kurudi Area C, ekzosi haipati joto la kutosha, huo ndo moto wa kuni wenye moshi, masizi yanajikusanya. Ukitoka kwenda Kibaigwa kwa mwendo wa kueleweka makaa yanakolea na sehemu ya masizi inaungua yenyewe. Na kama utando umekuwa mnene, sensa inayopima presha mbele na nyuma ya filta inaiambia kompyuta, nayo inachochea moto, inaingiza mafuta kidogo ya nyongeza ili ekzosi ifike kama nyuzi 600, vicheche vitambae humo ndani mpaka filta iwe safi tena. Dereva anaweza asijue, ataona tu mzunguko wa injini gari likiwa limesimama umepanda kidogo na harufu ya joto chini ya gari.

Shida inakuja pale unapoiondoa sufuria motoni kabla vicheche havijamaliza. Umefika nyumbani, umezima gari, kazi imekatika katikati. Kesho tena hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo, mpaka taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Ukiliona hilo mara nyingi dawa yake ni barabara ndefu kwa mwendo wa kutulia, dakika 20 au 30 hivi, siyo gereji.

Ila wengi wanaenda gereji. "Fundi, hii taa imegoma kuzima na gari limekuwa zito." "Aah kaka, hiyo filta ndo inakubana, ya Ulaya hiyo haifai kwa mazingira yetu, tunaitoboa leo leo unaondoka." Wanaikata, wanavunja kauri ndani, wanachomelea ganda tupu lirudi mahali pake, afu mtu wa kompyuta anafuta kumbukumbu zake taa isiwake. Gari linakuwa jepesi kweli, sababu filta ilikuwa imejaa, na ile imani ya mwanzo inapata ushahidi mwingine. Lakini filta iliyoungua vizuri inapunguza nguvu kidogo sana, dereva wa kawaida haisikii. Kilichokuwa kinalifanya gari zito ni masizi yasiyochomwa, na mara nyingine chanzo chake ni nozeli inayovuja au tabo inayopitisha oili, ugonjwa ambao umeachwa pale pale, tofauti ni kwamba sasa masizi yake yanaenda kwa watu wa nyuma.

Na hayo masizi siyo uchafu wa kufua. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vipunje vingi ni vidogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Kwa injini mpya picha ni tofauti: utafiti wa taasisi ya Marekani inayoitwa Health Effects Institute, uliotoka 2015, uliwaweka panya kwenye moshi wa injini zenye filta saa 16 kwa siku, siku tano kwa wiki, mpaka miezi 30, na haukukuta saratani ya mapafu, wakati majaribio ya moshi wa injini za zamani yalikuwa yameikuta. Panya si binadamu, na mabadiliko madogo kwenye mapafu yalionekana, kwahiyo sitasema moshi huo ni salama. Lakini tofauti ni kubwa.

Kuna uchafu mwingine hauonekani hata kidogo, oksaidi za naitrojeni, zinazozaliwa injini inapowaka kwa joto kali. Malori mapya yanapulizia maji yenye urea asilimia 32.5 kwenye ekzosi, inageuka amonia, na kwenye kataliti, kifaa cha ekzosi kinachochochea gesi zibadilike, uchafu ule unakuwa naitrojeni ya kawaida na maji. Tafadhali usikoroge urea ya mbolea ukamimina, ina vitu vingine vinavyoganda na kuziba nozeli na kataliti, hasara yake ni kubwa kuliko bei ya dumu la maji halisi unalolikwepa. Na huku kwenye naitrojeni ndo Volkswagen walikamatwa mwaka 2015, magari kama milioni 11 yalikuwa na programu inayosafisha moshi likipimwa maabara na kulegeza likiwa barabarani, kwahiyo karatasi ya kiwango peke yake isikushibishe. Hewa ukaa nayo haichujwi na chochote kati ya hivi, kila lita ya dizeli inatoa kama kilo 2.7, na vumbi la Dodoma litabaki vumbi.

Kitu kimoja ambacho moto hauondoi ni majivu. Yanatoka zaidi kwenye oili ya injini inayoungua kidogo kidogo, yanabaki kwenye vijia mwaka hadi mwaka, ndo mana magari haya yanataka oili ya majivu kidogo kama kitabu cha gari kinavyosema, na baada ya kilomita nyingi filta inashushwa ikasafishwe na mashine. Mafuta yaliyochakachuliwa na mafuta ya taa nayo yanaua pampu ya komonireli, sababu pampu hiyo inalainishwa na dizeli yenyewe na mafuta ya taa hayana ulaini huo.

Kwahiyo ukienda kununua Canter, Dyna au Mazda CX-5 ya dizeli ambayo kwa miaka yake ilitakiwa iwe na filta, nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, chukua kitambaa cheupe, kipitishe ndani ya mdomo wa ekzosi. Filta ikiwa nzima utapata vumbi la kijivu kidogo, chuma kinaonekana. Kitambaa kikitoka cheusi kama umepangusia kitako cha sufuria, chungulia chini utafute mstari wa kuchomelea kwenye ganda, afu umuulize muuzaji kauri iko wapi kabla hamjaanza kuongea bei.