Je, wajua kwa nini saratani ya taya ya watoto hufuata ramani ya malaria?

Paka rangi kwenye ramani ya Afrika sehemu zenye malaria nyingi, kisha paka zile ambako watoto huugua saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya. Rangi zinalaliana. Kigoma, na joto lake la ziwani, imo, Tabora pia. Ukipanda nyanda za juu zenye baridi, ugonjwa unapotea.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandika uvimbe huu mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari karibu kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza kama wagonjwa wa namna hiyo wamewahi kuonekana hapo.

Ukiitazama ramani hiyo, jibu linajileta lenyewe: mbu anasambaza virusi vya saratani. Hata watafiti wa wakati ule walidhani hivyo. Linaingia akilini, ila si kweli. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walivikuta virusi ndani ya seli za uvimbe uliotumwa London kutoka Uganda, vikawa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, kabla hata ya virusi vya HPV na saratani ya mlango wa kizazi. Virusi hivyo havibebwi na mbu. Hupita kwenye mate: kikombe cha uji cha pamoja, chakula ambacho mama amemtafunia mtoto. Zaidi ya 90% ya watu wazima duniani wanavyo, na huku kwetu mtoto huwa ameshavipata kabla ya kuanza shule, tena bila hata kuumwa. Kwa hiyo kumtengea sahani mtoto mwenye uvimbe ni kazi bure. Anayeitenga naye anavyo.

Sasa malaria imeingiaje?

Virusi vya Epstein-Barr hujificha ndani ya seli B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Malaria ikimrudia mtoto tena na tena, seli hizi huzaliana kwa wingi, na hukata na kuunga sehemu za jeni zao kwa makusudi ili zipate kingamwili kali zaidi. Fikiria stesheni ya Tabora, pale reli ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma. Mabehewa hufunguliwa na kuungwa upya. Treni zikiwa mbili, kazi ni nyepesi. Zikiingia hamsini usiku mmoja, kuna behewa litakalofungwa kwenye kichwa kisicho chake. Behewa lenyewe hapa ni jeni ya MYC, inayoamuru seli igawanyike. Ikiwa kwao, kwenye kromosomu ya 8 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni), huamka inapohitajika tu. Ikikatika na kuungwa kwenye kromosomu ya 14, inajikuta ikivutwa na kichwa cha jeni za kingamwili, ambacho ndani ya seli B hakizimwi.

Seli iliyoharibika namna hii kwa kawaida hujiua. Inaonekana virusi ndivyo vinavyoizuia. Nasema "inaonekana" kwa sababu nje ya ukanda wa malaria wagonjwa wengi wa Burkitt hawana virusi hivyo kabisa kwenye uvimbe wao.

Mshukiwa mwingine amesimama kwenye nyua za Unyamwezi: mnyaa. Kwenye maabara, utomvu wake mweupe umeamsha virusi vya Epstein-Barr vilivyolala. Lakini seli kwenye kisahani si mtoto, na kwa ushahidi huo mwembamba singeng'oa ua wa mtu. (Utomvu huo kuunguza macho, hilo halina ubishi.)

Uvimbe huu ni kati ya saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi saba hivi, na wengine wao wamefika umri wa kung'oka meno ya utoto, hivyo jino kulegea halimshtui mzazi. Ila meno ya utoto huanza kulegea yale ya mbele. Gego linalocheza kwa mtoto wa miaka mitano, fizi imejaa na shavu limeanza kuvimba, halisubiri wiki ijayo. Kasi hiyohiyo ndiyo udhaifu wa ugonjwa: dawa za saratani hushambulia seli zinazogawanyika, na uvimbe uliokuwa unasukuma jicho unaweza kuanza kusinyaa ndani ya siku chache. Kwa watu wa Kigoma na Tabora, hospitali ya Bugando kule Mwanza ina idara ya saratani.