Kitoweo na viungo ni vitu viwili tofauti

Jamani hili neno kitoweo linaonewa. Kila siku kwenye video za mapishi mtu kashika hiliki, bizari na pilipili manga anasema "hivi ndo vitoweo vyetu vya Zanzibar", na wengine wanaotembeza wageni mashambani wameshaidaka kauli hiyo, ukiwasikiliza utadhani mdalasini ni kitoweo.

Kwa ufupi, kitoweo ni kile unacholia wali, ugali, muhogo au mkate. Bas.

Neno lenyewe limetoka kwenye kutowea, yaani unamega tonge unalichovya kwenye mchuzi au unalisindikiza na kipande cha kitu ili lipite. Ndo mana bibi zetu wakiingia jikoni wanauliza "leo mnatowelea nini?", hawaulizi mnapika nini, wali unajulikana upo, ilobaki ni utapita na nini. Kwa hiyo kitoweo ni kazi ambayo chakula kinapewa pale kwenye sahani. Jodari huyohuyo akiwa kwenye mchuzi wa nazi pembeni ya wali ni kitoweo, ukimla wa kuchoma peke yake pale Forodhani, kaminyiwa ndimu na pilipili, hujatowea kitu hapo, umekula samaki. Maharage ya nazi, mchicha, kisamvu, bamia, vyote kitoweo kama kuna tonge la kuvifuata. Lakini kiungo hakitowelewi. Karafuu, ambayo nyingi inatoka Pemba, unatia chembe chache tu kwenye pilau ipate harufu, na ikikuingia mdomoni unaitoa unaiweka ukingoni mwa sahani, sasa nani kakaa akala ugali kwa karafuu?

Na kuna kosa la pili ambalo mimi linaniuma zaidi, la kufanya kitoweo kuwa jina jengine la nyama na samaki tu. Mtu kapika choroko za nazi zimekolea vizuri, anakwambia kwa unyonge "leo hatuna kitoweo". Unacho dada! Miezi ya sita na ya saba kusi likivuma bahari inachafuka, ngalawa nyingi hazitoki, samaki wanaadimika na bei zinapanda, na toka zamani watu wa visiwa hivi wakati kama huo wanarudi kwenye ng'onda (samaki wa kukausha), papa mkavu, kunde na majani ya shambani, na hakuna aliyesema nyumba hiyo imekula wali mtupu. Wali mtupu ni wali na chumvi.

Tofauti hii imeshika hadi adabu zetu za kula, ndo mana naitetea. Kwenye sinia wali unakula upande wako, hupeleki mkono kwa mwenzako, lakini kitoweo kimekaa katikati na ni cha wote, kwa hiyo unamega kidogo, unamwangalia na alokaa karibu yako, na kama kuna mgeni mwenyeji anamsukumia kipande kizuri mbele yake bila kusema neno. Mtoto akianza kula samaki changu mzima wakati wali wake haujaguswa anaambiwa "towelea, usile!" Hapo mtoto keshafundishwa maana yote, kwamba kile kipande kipo kusaidia wali na kipo kwa ajili ya watu wote walozunguka sinia, sio chake peke yake kwa vile mkono wake umewahi. Ukishaita nyama yoyote kitoweo hata iliyotundikwa buchani, hilo katazo la mtoto halina maana tena.

Najua mtu ataniuliza pilau je. Pilau nyama imepikwa humohumo na wali, boko boko ndo kabisa nyama imepondwa na ngano mpaka huijui ipo wapi, kwa hiyo hapo huna cha kutowelea, labda kachumbari. Biriani masala yake yanapikwa mbali na wali, basi hayo ni kitoweo sawasawa.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mapishi, bizari na hiliki ziiteni viungo, nyama ya buchani iiteni nyama, na siku mkitutajia kitoweo tuambieni na kinaliwa na nini.