Elektroni za ngozi nzima: mionzi isiyozama mwilini

Mikosisi fungoidesi ni jina linalopotosha. Ukilisikia unafikiria fangasi, na si fangasi hata kidogo. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1806, aliona vivimbe vinavyofanana na uyoga, na jina la uyoga likaganda. Hii ni saratani adimu ya limfu: seli T, zile zinazopaswa kuulinda mwili, huharibika na kuweka makazi kwenye ngozi.

Huanza na mabaka, hasa makalioni, mapajani na kiunoni, mahali jua lisipofika. Kwa mtu mweusi yanaweza kuwa meupe-meupe, basi mgonjwa anapewa dawa ya mba, kisha ya ukurutu, miaka inakatika. Jibu hupatikana kwa kukata kipande cha ngozi kikapimwe, tena pengine zaidi ya mara moja.

Uzuri ni kwamba seli hizi haziiwezi mionzi. Baka moja linaweza kufifia kwa grei 8 tu (grei ndicho kipimo cha dozi), ilhali saratani nyingi za uvimbe hudai grei 60 au zaidi. Shida huja mabaka yakitapakaa mwili mzima. Ukimpiga mtu eksirei kali kuanzia utosini hadi unyayoni, utaunguza uboho, mapafu na utumbo. Hapo ndipo elektroni, chembe ndogo mno zenye umeme zinazorushwa na mashine, zinapofaa: za nguvu inayotumika hapa hufanya kazi kubwa kwenye milimita chache za juu, na zikifika sentimita mbili hivi zimekwisha. Kwa saratani ya shingo ya kizazi huo ungekuwa udhaifu. Hapa ndiyo sifa yenyewe.

Mtindo unaojulikana zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mgonjwa husimama karibu uchi, mita tatu au zaidi kutoka kwenye mashine, akibadilisha mikao sita, mikono juu, mguu mbele, kama anayepimwa nguo na fundi. Macho hukingwa. Nyayo, utosi, msamba na chini ya matiti hujificha, kwa hiyo huongezewa dozi kivyake. Miale haiumi, kusimama ndiko kunakochosha.

Baadaye ngozi huwa nyekundu au nyeusi zaidi, hukauka na kuwasha, nywele hunyonyoka, kucha zinaweza kung'oka. Jasho nalo hupungua kwa muda, na kwa mtu wa pwani hilo si dogo.

Dozi ya kawaida ilikuwa grei 30 hadi 36 kwa wiki 8 hadi 10. Siku hizi madaktari wengi huanza na 12, kwa wiki mbili au tatu. Dozi kubwa husafisha ngozi vizuri zaidi, lakini ugonjwa uliotapakaa una tabia ya kurudi, na ngozi iliyokwisha kupokea 36 haina nafasi kubwa ya kupigwa tena. Iliyopokea 12 bado inayo.